Mtoto wa Kinyozi na Shiriri ya Mjomba

"Kama nyumba nzima ilikuwa imelala, nani alimwona?"

Mzee aliyeuliza hivyo hakuwa na ubaya nami. Alikuwa binamu wa mama yangu na mwenyekiti wa mazishi yale, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, na aliuliza kwa sauti ile ile aliyotumia kuuliza kama maji ya kunawa yamefika. Watu walikuwa wameketi chini ya turubai katika uwanja wa marehemu babu yangu, kijijini Shianda. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya jeneza la mjomba wangu nikiwa na karatasi ya wasifu wake mkononi. Nilikuwa nimefika katikati. Waombolezaji walikuwa wameanza kucheka. Nikamtazama mama, mama akatazama miguu yake, na mimi niliyekuwa nikijigamba chuoni kwamba siogopi swali lolote nikarudi kuitazama karatasi.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba swali lile lilikuwa langu. Nililiuliza mimi kwanza, nikiwa mtoto wa darasa la pili, kuhusu kitabu.

Vitabu vyenyewe vilifika nyumbani kwetu, mtaa wa Amalemba, ndani ya katoni ya sabuni. Kabla sijaanza shule, mama alikuwa akifua na kupiga pasi kwa mwalimu mmoja wa Kizungu aliyefundisha muziki mjini Kakamega. Mwalimu huyo aliporudi kwao, watoto wake wakiwa wamekua, alimwachia mama sufuria, mapazia, na vitabu vya watoto vilivyosimulia maisha ya watunzi wa muziki wa zamani wa Ulaya. Vilikuwa vyembamba, vya jalada gumu, kila kimoja na mtunzi wake, picha upande mmoja na maneno upande wa pili. Mama alikuwa ameishia kidato cha pili. Kiingereza kile chepesi alikiweza, na jioni alitusomea akikigeuza Kiswahili papo hapo, kidole kikifuata mstari.

Hivyo ndivyo nilivyojua mambo ya Ulaya. Kwa kuwa karibu kila mtu pichani alikuwa na nywele nyeupe, hata vijana, niliamini kwamba kule watu huota mvi mapema kwa sababu ya baridi. Nilijua pia kwamba maisha ya mtu mkubwa huanza kwa namna moja tu: ni mtoto, ni maskini au mgonjwa, kuna mtu mzima anayemzuia, naye anafanya siri. Kitabu baada ya kitabu ilikuwa hivyo. Mmoja alinakili muziki wa kaka yake kwa mwanga wa mwezi mpaka macho yakaharibika. Mwingine baba yake alimwamsha apige kinanda huku analia. Lakini kitabu tulichokipenda kilikuwa cha mtoto ambaye jina lake hatukuweza kulitamka, kwa hiyo mama alimwita Mtoto wa Kinyozi, maana baba yake alikuwa kinyozi.

Kinyozi huyo hakutaka mwanawe apige muziki. Alitaka awe wakili. Basi mtoto akaficha kinanda kidogo darini, akazifunga nyuzi zake vitambaa ili zisilie sana, na kila nyumba nzima ilipolala alipanda kupiga. Pichani alikuwa amevaa kanzu ya kulalia, mshumaa pembeni, panya mmoja akimsikiliza.

"Kama wote wamelala, nani alimwona?" niliuliza.

"Panya," mama akasema.

Ndugu zangu walicheka. Mimi sikuridhika. "Panya aliwaambiaje?"

"Wewe na maswali yako. Lala."

Akafunua ukurasa uliofuata kwa haraka, kama kawaida yake. Hapo palikuwa na picha ya baba akipanda ngazi na taa, na nyuma yake watu wa nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Kisha akafunga kitabu kabla hakijaisha.

Shida moja ya vitabu vile ni kwamba vilihusu sauti na havikuwa na sauti. Redio yetu ilitoa habari, nyimbo za rumba na matangazo ya vifo. Sikuwahi kusikia kinanda cha aina ile. Siku moja nikamwuliza mama Mtoto wa Kinyozi alipiga wimbo gani huko darini. Alifikiri kidogo, kisha akaanza kuuvumisha puani, bila maneno: wimbo mfupi unaopanda kidogo, halafu unarudi ulikotoka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Tangu hapo, kila tulipofika ukurasa ule, tulimwambia auimbe, naye aliuimba.

Jumamosi iliyofuata mjomba alikuja akaupiga wimbo ule ule mlangoni petu.

Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama. Alikuwa mkata miwa huko Shianda, hana mke wala nyumba, analala katika jiko la zamani la babu. Alikuwa na shiriri, chombo cha uzi mmoja kinachosuguliwa kwa upinde mdogo, na aliipiga popote palipokuwa na pombe ya busaa. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimepinda kuelekea ndani, havinyooki. Alibana uzi kwa vile vilivyobaki, ndiyo maana nyimbo zake zote zilikuwa fupi. Ukimwuliza kuhusu vidole, alisema, "Miwa iliniuma kabla sijaiuma."

"Mjomba anajua wimbo wa Mtoto wa Kinyozi," nikatangaza siku hiyo.

"Kinyozi wa wapi?" akauliza. "Yule wa Mayoni? Yule anakatanga watu masikio?"

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. Kisha akachinja kuku. Na mezani alifanya jambo ambalo hata mtoto wa kwetu angelishangaa: alichukua firigisi, ambayo ni ya mwenye nyumba na haigawanywi, akaiweka kwenye sahani ya mjomba, mbele ya baba yangu. Baba alitazama sahani, akamtazama mama, akaendelea kukata obusuma, ugali wetu. Ilikuwa hivyo kila mjomba alipokuja, na kila mara mimi nilihisi uso ukiwaka kwa niaba ya baba.

Nilipofika sekondari nilianza kumwonea mjomba haya. Alikuja akinuka, akaketi kwenye ngazi ya nyumba yetu, akapiga. Sauti ya shiriri ni nyembamba, na watoto wa mtaani walimfuata wakiimba, "Dijei wa mbu! Dijei wa mbu!" Yeye aliwainamishia kichwa kama mtu anayeshangiliwa. Nilikuwa na rafiki wa shule aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku moja aliniuliza huyo mtu ni nani, na kabla sijajibu mjomba akaniita kwa sauti, "Mpwa! Njoo nikupigie ya kinyozi!" Sikuwa na haja ya kujibu tena.

Aibu ya pili niliipata chuoni, mapema katika miaka ya tisini. Mwenzangu wa chumbani alikuwa msichana wa Nairobi aliyesoma shule zenye vinanda. Jioni moja aliweka kaseti, akamtaja mtunzi, na nikalitambua jina, lile lile la jalada la kitabu, ambalo sasa niliweza kulitamka. Ilikuwa sauti kubwa, tarumbeta na kwaya, kama serikali nzima imesimama kuimba. Nikasema, kwa hakika yote ya mtu aliyelelewa na vitabu, "Huyo si yeye. Wake hauko hivyo."

"Wake ukoje?"

Nikauvumisha.

Walikuwa wasichana wanne chumbani. Walidhani natania. Kisha mmoja akauliza, "Yaani huyu mzee aliishi Kakamega?" na mwingine akasema, "Tena alikunywa busaa." Kwa mwaka mzima waliniita Kinyozi.

Nilifanya kile nilichojua kufanya nikiaibika: nilikwenda maktaba. Nikapata kitabu kinene cha maisha ya mtunzi yule, kilichoandikwa kwa ajili ya watu wazima, na nikatafuta habari za darini. Kulikuwa na sentensi chache tu. Inasemekana, kiliandika. Hakuna aliyeshuhudia. Huenda kisa kilitungwa na watu waliompenda, baada ya yeye kuwa mkubwa. Nilifurahi kwa namna isiyopendeza. Nilihisi nimemkamata mtu, na mtu huyo alikuwa mama.

Lazima nieleze mama alikuwa nani kwa watu wetu, kwa sababu bila hilo mazishi hayaeleweki. Kwetu hakuna anayezikwa bila maisha yake kusomwa mbele ya watu. Wasifu una njia yake: alizaliwa mahali fulani, mtoto wa fulani, akabatizwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akajaliwa watoto hawa na wajukuu hawa, akaugua, Bwana akamtwaa. Ni orodha, na watu huisikiliza wakipiga soga. Mama alibadilisha hilo. Katikati ya miaka ya themanini jirani alimwomba amwandikie wasifu wa mama yake kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, na mama akaanza na bibi huyo akiwa mtoto, akivuka mto na moto wa kuazima ndani ya chungu, mvua ikinyesha. Watu waliacha kuongea. Baada ya hapo walimfuata kutoka Shianda, kutoka Mayoni, hata familia moja ya Waislamu kutoka karibu na Mumias ilimwomba aandike maneno ya kumkumbuka mzee wao, ingawa walikuwa wameshamzika. Hakuna aliyejua alikojifunza. Mimi nilijua. Kila marehemu wa mama alikuwa mtoto wa kitabu: kuna siri, kuna mtu mzima anayezuia, kuna mwanga mdogo. Nilipokuwa mdogo nilijivunia. Baada ya kitabu kile cha maktaba nilianza kuhesabu wongo.

Kisha chuo kilifungwa kwa sababu ya mgomo, tukaamriwa turudi makwetu na kuripoti kwa chifu kila wiki. Nilikuwa Amalemba, nikinung'unika juu ya kila kitu, nikimwuliza baba kwa nini anapiga kura na pasta kwa nini Mungu anahitaji sadaka, wakati habari zilipokuja kwamba mjomba ameanguka katika shamba la miwa na hakuinuka.

Mwenyekiti, yule binamu, alikuja nyumbani kupanga. Alikunywa chai yake polepole.

"Dada," akamwambia mama, "tumzike Ijumaa mapema. Nyuma ya nyumba, upande wa migomba. Maombi mafupi. Watu wale chakula, waende."

"Na maisha yake?"

"Maisha yapi?" Hakusema kwa dharau, aliuliza. "Hana mke. Hana mtoto. Kazi ni miwa. Tukisoma, tutasoma nini? Tutasimama tuseme alizaliwa, akafa?"

Alikuwa anasema kanuni. Mwanamume asiye na mke wala mtoto huzikwa kando, na hasomewi, kwa kuwa orodha yake haina kitu. Mama aliijua kanuni hiyo kuliko yeye.

"Tutasoma alichokuwa nacho," akasema.

"Alikuwanga na kiu tu, dada yangu."

"Nipe nafasi. Ukurasa mmoja. Sijawahi kukuomba kitu."

Mzee alizungusha kikombe. Mwishowe akakubali, ukurasa mmoja, na akamwonya asiwachekeshe watu.

Mama aliandika siku mbili. Sikuwahi kumwona akichukua muda hivyo. Aliandika mezani, akapasua, akaandika tena, na mara moja nikamkuta ameketi tu, ametoa kitabu cha Mtoto wa Kinyozi kwenye katoni, amekiweka mapajani bila kukifungua. Siku ya pili jioni, wakati obusuma ukiwa jikoni, alinipa karatasi.

"Utasoma wewe. Wakimwona mtu wa chuo kikuu watanyamaza."

Nikasoma nikiwa nimesimama. Karatasi ilisema kwamba mjomba, akiwa mvulana wa miaka kumi na moja hivi, alijitengenezea shiriri kwa mkebe wa mafuta ya kupikia na uzi wa katani. Baba yake, ambaye alikuwa mwalimu wa kanisa, alikataza muziki wa aina hiyo. Kwa hiyo mvulana aliificha darini, juu ya jiko, palipowekwa mahindi, akaufunga uzi kitambaa ili usilie sana, na usiku nyumba nzima ilipolala alipanda kupiga. Usiku mmoja baba yake aliisikia, akapanda na taa, akasimama akasikiliza. Akashuka bila kusema neno.

"Mama," nikasema, "hii ni ya kitabu."

Aliendelea kukoroga sufuria.

"Hii ni ya Mtoto wa Kinyozi. Umeandika mpaka vitambaa. Kilichobaki ni panya."

"Soma vile imeandikwa."

"Unajua hata kitabu chenyewe si kweli? Nimesoma maktaba. Ni hadithi walimtungia. Sasa na sisi tunachukua wongo wa Wazungu tunamvisha mjomba. Watu watacheka."

"Wacheke." Alifunika sufuria. "Yule mtoto wa Ulaya wamemwandikia vitabu. Huyu nimemwandikia ukurasa. Nani ameibiwa?"

"Ukweli."

Akanigeukia. Nilitazamia hasira, kwa kuwa nilizoea hasira yake na nilijua kuijibu. Badala yake uso wake ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa, na nikauelewa kwa namna niliyoitaka mimi: nilidhani nimemfumania na kitabu.

"Mwanangu," akasema, "nisomee tu. Sina kitu kingine cha kumpa."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta chini ya turubai, Shianda, siku ya Ijumaa, mbele ya jeneza la mbao zisizopakwa rangi. Wakata miwa wenzake walikuwa wameketi nyuma, baadhi wakiwa wameshaonja kitu. Mama alikuwa kwenye mkeka na wanawake, kando ya mdogo wake wa pekee, mama mdogo wangu, ambaye alikuwa ametoka kwa mumewe Kisumu alfajiri hiyo. Shiriri iliwekwa juu ya jeneza.

Mwanzo walinyamaza kweli. Mkebe wa mafuta ya kupikia uliwapendeza. Mkata miwa mmoja akasema, "Huyo ni yeye," na wengine wakaitikia. Nilipofika sehemu ya darini nilianza kusikia sauti yangu mwenyewe. Kila neno nililiona na picha yake, kanzu ya kulalia, mshumaa. Nilijua kwamba katika uwanja ule hakuna aliyewahi kukiona kitabu hicho isipokuwa mimi, mama na ndugu zangu, lakini aibu haikujali. Nilihisi kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima akisubiri mwenyewe atokee. Nikasoma kwamba baba yake alisikia, akapanda na taa, akasimama akasikiliza.

"Mwalimu?" mtu akauliza nyuma. "Mwalimu yupi? Huyu wetu?"

Kicheko kilianza kwa wazee, kwa kuwa wao ndio waliomjua babu. Mimi nilimkuta akiwa mzee mpole, kipofu wa jicho moja, akitugawia peremende baada ya ibada. Wao walimjua alipokuwa na nguvu.

"Mwalimu alichoma ngoma za kijiji kizima," mwingine akasema. "Ya baba yangu aliitia moto mwenyewe, hapo njia panda. Sasa asimame asikilize shiriri?"

"Labda alipenda ya mbu."

Hapo wakata miwa pia wakacheka. Mwenyekiti aliinua mkono, wakatulia kidogo. Yeye hakucheka. Nadhani alikuwa anajaribu kunisaidia kumaliza.

"Mpwa wangu," akasema, "hebu tueleze. Umesoma kwamba nyumba nzima ilikuwa imelala. Kama nyumba nzima ilikuwa imelala, nani alimwona?"

Nilimtafuta panya wa mama, sikuweza kumtoa mdomoni. Niliitafuta maktaba, nayo ilikuwa upande wa mzee, si upande wetu. Nikasema, "Nimesoma kilichoandikwa."

"Na aliyeandika?"

Turubai lote liligeuka kumtazama mama. Aliinuka polepole, akakung'uta gauni lake.

"Nimeandika mimi," akasema. "Kama kuna mtu anajua mengine, asimame ayaseme. Asimame sasa."

Sauti yake haikuwa ya kujitetea. Niliikumbuka baadaye mara nyingi. Ilikuwa kama anamsihi mtu fulani. Hakuna aliyesimama. Mama mdogo alimshika pindo la gauni akalivuta.

"Keti, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Keti. Imetosha."

Mama akaketi. Mwenyekiti akaniambia, "Maliza, mpwa," nami nikasoma mistari iliyobaki kwa kasi, hakuna aliyesikiliza, na mtu akaanzisha wimbo wa kanisa kabla sijakunja karatasi. Walimzika upande wa migomba. Mama alitaka shiriri iingie kaburini, mwenyekiti akakataa, akisema kaburi la mtoto wa mwalimu wa kanisa si mahali pa kitu kile. Mama aliifunga kwa leso yake.

Tulirudi Amalemba jioni hiyo, mimi, yeye na baba, na tulipofika alikwenda moja kwa moja kuwasha jiko. Nilimfuata. Nilitaka aniambie nilikuwa nimemwonya. Aliniuliza tu, mgongo ukiwa kwangu, "Uliona aibu?"

"Ndiyo."

"Hata mimi."

Nikadhani tumeonea aibu jambo moja.

Hakuandika wasifu tena. Watu walikuja, mwanzoni wengi, na aliwaambia macho yake yamechoka. Niliamini ni kicheko kile kilichomkatisha tamaa, na kwa miaka mingi nilibeba hilo kama deni la kitabu cha watoto: kwamba mwanamke mwenye kipaji alidanganywa na picha nzuri akaamini kila maisha lazima yawe na dari, akaaibishwa na watu wanaojua. Niliwahi hata kuisimulia hivyo kwa marafiki, kama mfano wa jinsi vitabu vya mbali vinavyoweza kutuharibia kumbukumbu zetu wenyewe. Walikubaliana nami. Ilikuwa hoja nzuri. Shiriri ilining'inia jikoni kwake juu ya mlango, ndani ya leso, na hakuruhusu mtu aiguse, hata kuipangusa vumbi.

Mama alipofariki, zamu ya kuandika ilikuwa yangu. Sikutaka orodha, na sikutaka dari. Nilitaka mambo ya kweli tu, yenye shahidi. Kwa hiyo nilikwenda Kisumu kwa mama mdogo, mtu wa mwisho aliyemjua mama akiwa mtoto. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya njugu mawe ndani ya ungo. Nilimwuliza maswali yangu moja moja: alipenda nini, alichukia nini, nani alikuwa rafiki yake. Alijibu vizuri. Kisha nikamwuliza, kwa mzaha kidogo, kama anakumbuka siku ile ya mazishi na ukurasa ule wa mama wa mtoto darini, uliotoka kitabuni.

"Haukutoka kitabuni," akasema. "Kitabu kilimkuta nao."

Alimenya njugu kadhaa bila kuinua macho. Akaniambia nisiliandike jambo atakalonieleza, kwa sababu dada yake alikuwa ameshalilipia, kila Jumamosi, kwa kuku. Mwalimu, baba yao, hakusimama kusikiliza, alisema. Alishuka na shiriri mkono mmoja na mtoto mkono wa pili, na vidole vile aliviponda kwenye jiwe la kusagia. Wao wawili wasichana walikuwa wakilala mkeka mmoja, na yeye, mama mdogo, aliamka usiku huo kwa kuwa mama yangu, aliyekuwa na miaka minane na aliyependa kusifiwa na baba yao kuliko kitu chochote, alimkanyaga mguu akienda kumwamsha baba yao ili amwambie. Taa aliishika mama yangu.